Samaki wa Hatshepsut

Nilivuka Nile pale Luxor, Misri, alfajiri kwa pantoni ya wananchi, nimebanwa katikati ya kina mama na vikapu vyao vya nyanya. Ng'ambo ile, upande jua linakozama, ndiko Wamisri wa kale walikozika wafalme wao.

Bonde la Wafalme sina mengi ya kulisemea. Tiketi ya kawaida inakuingiza makaburi matatu, la Tutankhamun, farao aliyekufa kijana, unalipia mbali. Nikalipia. Ni kadogo! Hazina aliyoikuta Mwingereza Howard Carter, mchimbaji wa mambo ya kale, mwaka 1922 ilishahamishiwa Cairo, lakini kijana mwenyewe bado amelala mle ndani ya kioo, kichwa na nyayo nje ya shuka, watalii wananong'ona kama wamekuja kumtazama mgonjwa. Joto la pumzi za watu likanitoa haraka.

Kilichonipeleka Luxor hasa kilikuwa Deir el-Bahari, hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyejitawaza farao karibu miaka 3,500 iliyopita. Limeegemea jabali, ngazi juu ya ngazi. Baraza ya kati, mkono wa kushoto, ukutani kumechongwa safari ya merikebu zake kwenda Punt, nchi ambayo wataalamu wengi wanaiweka pande za Pembe ya Afrika.

Nikasogea hadi pua ikakaribia kugusa kamba ya kuzuia watu. Nyumba za Punt zimesimama juu ya miti, zinapandwa kwa ngazi, dungu tupu la kulindia mpunga. Wapagazi wamebeba miti ya ubani kwenye vikapu, mizizi na udongo wake, ikapandwe Misri. (Wengine wanasema ni manemane.) Nyani wamejikalia merikebuni kama wamelipa nauli.

Chini ya merikebu kuna bahari. Mimi mtoto wa Tanga, hapo ndipo nilipoganda. Ngisi yule! Kambakoche, pembe zake zile ndefu! Aliyewachonga aliwaangalia kwa makini, au alisimuliwa na mtu aliyewala.

Mlinzi mzee mwenye kanzu ya buluu akanisogelea, akanyoosha kidole: "Samak."

"Samaki," nikamjibu.

Akacheka, akapandisha kidole. "Markib."

"Merikebu."

Tukaendelea hivyo hadi Kiarabu changu cha madrasa kilipokauka. Mahali pengine akanionyesha sura ya malkia iliyotindwa kwa patasi. Mrithi wake, Thutmose III, aliamuru afutwe. Samaki hawakuguswa. Nikampa mzee bakshishi bila kuombwa, jambo lisilotokea mara nyingi Misri.

Jioni nikaingia sokoni Luxor kumtafutia mama ubani. Muuzaji akaapa ni wa kwanza kwa ubora, umetoka Somalia. Bei nusura inilize.

Nyumbani Tanga, mama aliutia kwenye chetezo, akafumba macho, akavuta moshi.

"Mwanangu," akasema, "si ndio huu huu wa Ngamiani?"