Usiku baba aliponipangia begi

Agosti 2018 ndo mara yangu ya kwanza kwenda kambi ya kuchora nje, ule uchoraji wa kukaa mlima uko mbele yako, upepo unakupiga na jua linahama wakati bado unatafuta rangi. Tulikuwa watu sita na mwalimu wetu, siku tano, Ngarenairobi huko West Kilimanjaro, na mi natokea Moshi, Majengo. Watu wakisikia nilienda kuchora mlima wananiuliza habari za mlima, ila mi kila mara najikuta nasimulia usiku wa kabla ya safari, maana hiyo safari kwangu ilianzia sebuleni kwetu, chini kwenye mkeka.

Mwalimu alitutumia orodha WhatsApp wiki mbili kabla. Alichagua Agosti na alichagua upande ule kwa sababu, maana Moshi mjini miezi hiyo ya baridi mnaweza kupitisha siku nzima hamuoni mlima, mawingu yamejaza upande wa kusini, lakini kule magharibi ni kukavu, asubuhi Kibo, kile kilele cha theluji, inatoka wazi na mgongo wote wa Shira, ukigeuka nyuma Meru nayo ipo. Ubaya wa kule ni upepo na vumbi. Vumbi la Agosti kule ni laini kama unga wa sembe, na rangi ya mafuta haikauki leo wala kesho, kwahiyo ukimaliza picha ukaiacha wazi jioni unaikuta imeota ndevu. Mwalimu akaandika kwa herufi kubwa kila mtu aje na boksi la kubebea picha mbichi.

Hilo boksi nilienda kuchongesha kwa fundi seremala mtaani kwetu. Nilikuwa na vipande 12 vya hadibodi, sentimita 20 kwa 30, nimeshavipaka emulsheni nyeupe mara mbili na juu yake nikapaka rangi ya udongo nyepesi ili nikifika huko nisianze kupambana na weupe. (Hadibodi naiheshimu sana, mchoraji Edward Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alianzia humo humo, na rangi za dukani za kung'aa.) Fundi akanichongea boksi zuri na mifereji 12 ndani, kila kipande kisimame peke yake kisimguse mwenzake, ila mi kwa haraka nilimpa vipimo mdomoni sikumpelekea hadibodi yenyewe, ikawa mifereji imebana, kipande hakiingii hata ukisukuma. Nilirudi kwake nimekata tamaa. Akachukua patasi akaanza kutanua mfereji mmoja mmoja, mi nimekaa kwenye maranda namsubiri mpaka adhana ya magharibi, na akaniambia siku nyingine uje na kitu chenyewe, mdomo haupimi.

Sasa baba.

Baba yangu alibeba mizigo ya wageni mlimani miaka 22. Alikuwa mgumu, ndo tunavyowaita huku kwetu, wagumu, wale wanaopandisha mahema, majiko, chakula na mabegi ya wageni. Goti ndo lilimshusha. Mimi alinisomesha kwa hizo hela na alitaka nisomee uhasibu, nikasoma kweli, nikamaliza, alafu nikaenda kufanya kazi kwenye duka la kuprinti huku nachora usiku. Hakuwahi kunigombeza kwa hilo. Alinyamaza tu, na mtu anayemjua baba anajua kunyamaza kwake. Nilipomwambia nimeomba likizo bila malipo niende kuchora siku tano aliitikia "haya" akaendelea kusikiliza redio.

Jioni ya mwisho nimetandaza vitu vyote kwenye mkeka, nasukumia kwenye begi navyoona mimi. Izeli ya mbao ya kusimamishia picha, ile kubwa ya ndani. Kanvasi tatu kubwa juu ya zile hadibodi. Tyubu za rangi 19, nilizokusanya miaka miwili, nyingine niliagiza Dar, nyingine niliachiwa na mgeni aliyepita dukani. Tapentaini kwenye chupa ya kioo, mafuta ya linsidi ya kuchanganyia rangi, brashi kama thelathini, vitambaa, vitabu viwili vya michoro. Mama naye kila akipita anaongeza kitu, blanketi, mkate, chupa ya chai, ndizi mbivu kichane kizima. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Akaniangalia kama nusu saa hivi, alafu akainuka akatoka nje, nikajua ameenda kwa jirani kuangalia mpira.

Akarudi na mzani. Ule wa kuning'iniza wenye ndoano, ameuazima kwa mama muuza viazi. Akachomeka begi langu kwenye ndoano akalinyanyua kwa mikono miwili, mshale ukasimama 31.

"Getini wangekurudisha," akasema. "Mgumu mwisho kilo 20, na hapo ni mwanaume aliyezoea. Mwaga."

Nikamwaga. Akakaa chini kwenye mkeka, lile goti alilinyoosha pembeni, akaanza kushika kitu kimoja kimoja ananiuliza hiki kazi yake nini. Kwa kweli hakuwahi kuniuliza hata siku moja kuhusu vitu vyangu vya kuchora, nilikuwa namjibu sauti inatetemeka kama niko kwenye intavyuu. Izeli akaitoa hapo hapo, akasema kule kwenye upepo hilo ni tanga, litakubebea picha, utakaa kwenye kigoda ubao uweke mapajani. Kanvasi kubwa vile vile. Vitabu alivifungua kurasa mbili tatu, akavifunga taratibu akaviweka juu ya kabati.

Alivyofika kwenye tyubu akakaa nazo muda mrefu. Alikuwa anazibonyeza kidogo kidogo kusikia kama zimejaa. Nikamsimulia alichotufundisha mwalimu, kwamba zamani huko Ulaya wachoraji walikuwa wanahifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe, ukitoboa inaanza kuharibika, mpaka Mmarekani mmoja John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati mwaka 1841, na baada ya hapo kubeba rangi za mafuta kwenda nazo mashambani na mtoni kukawa rahisi sana. Baba akafikiria. "Kumbe ni mzigo ndo uliwafungia ndani," akasema.

Alafu akauliza swali ambalo mpaka leo nikifungasha najiuliza. Alisema, "Humu, ipi inaweza kupikwa kutokana na nyingine?"

Kijani nilikuwa nazo tatu. Nikachukua sahani ya bati nikaminya altramarini, ile bluu iliyokolea, kidogo na njano kidogo, nikazisaga pamoja kwa kisu cha rangi, ikatoka kijani kile cha jani la mgomba likiwa kivulini. Baba akasogea karibu. Akasema na nyasi kavu? Nikaongeza nyekundu kidogo sana, kijani kikazeeka, nikatia na nyeupe, ikawa ile rangi ya majani ya Agosti kama unaelekea Sanya Juu. Nyeusi? Nikasaga altramarini na kahawia, ikawa nyeusi, tena ina uhai kuliko ile ya tyubu, unaweza kuisogeza kwenye ubaridi au kwenye joto unavyotaka. Kila rangi ikitoka, tyubu yake inatupwa upande wa kushoto wa mkeka, upande wa zinazobaki nyumbani.

Hapo katikati kuna kitu kilitokea. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilipokuwa mdogo baba akinikuta nimeshika kijiko au kalamu kushoto alikuwa anaitoa ananiwekea kulia, hasemi kitu, anahamisha tu, mara mia, mpaka leo nakula kulia na kuandika kulia. Brashi peke yake ndo iligoma. Sasa nipo pale nasaga rangi kwa kushoto, nikagundua ananiangalia mkono, na mkono wenyewe ukahamisha kisu kwenda kulia bila mi kuuambia. Rangi ikaanza kutapakaa ukingoni mwa sahani. Hatukusema chochote wote wawili, nikamalizia hivyo hivyo kwa kulia.

Zikabaki sita. Nyeupe mbili, maana nyeupe ndo huwa inaisha kwanza, njano, nyekundu, altramarini, kahawia.

Akaanza kupanga sasa, na hapo ndo niliona fundi. Viroba alikuwa navyo, na mifuko ya plastiki, ilikuwa bado haijapigwa marufuku, hiyo ilikuja Juni 2019. Nguo za kulalia chini kabisa kwa sababu ni laini na utazihitaji mwisho wa siku. Kizito kikae katikati ya mgongo kigusane na mwili, akasema kikikaa chini kinakuvuta nyuma, kikikaa juu sana ukishuka kinakuangusha mbele. Hapo likaingia boksi la hadibodi, limekaa wima kama limetengenezewa lile begi. Tapentaini aliinusa akakunja uso, akasema hii isilale na mkate, akaivalisha soksi mbili akaisimamisha mfuko wa pembeni nje. Vitambaa nikamweleza kwamba vikishalowa mafuta ya linsidi havikunjwi vikaachwa vimelundikana, vinaweza kupata joto vyenyewe mpaka vikawaka, lazima uvitandaze. Aliniangalia kuona kama namtania. Akatoa mita mbili za kamba kutoka kwenye vitu vyake vya zamani akaziingiza, "utaanikia hapo."

"Juu kabisa," akasema, "panakaa kitu utakachokihitaji kwanza, kabla hujafikiria. Mvua ikija huna muda wa kutafuta." Akaacha pale nafasi ya ngumi mbili. Akauliza, "Glovu unazo?"

Nikamwambia sina, na hata ningekuwa nazo brashi haishikiki na glovu, nitavumilia. Hakujibu.

Tukapima, mshale ukaonyesha 17. Mama akapata ruhusa ya kurudisha chai na ndizi nne.

Wakati tunafunga kamba nikamuuliza, baba, ukiwa kule juu ulikuwa unauona vipi mlima? Alikaa kimya nikadhani hajasikia. Alafu akasema, "Sikuwa nauangalia. Unaangalia visigino vya aliye mbele yako, akiweka mguu na wewe unaweka. Kilele sijafika mimi, sisi tunabaki kambini, wageni wanaondoka usiku na mwongozaji wao, sisi tunachemsha maji wakirudi wayakute." Akasema kama anataja bei ya kitu. Mi nilienda chooni nikalia kidogo, nikanawa nikarudi.

Nilivyoingia kulala taa ya chumbani kwao ilikuwa bado inawaka, nikamsikia mama anamwambia lala, kesho utaamka vipi.

Alfajiri alilibeba yeye begi mpaka barabarani. Nikamwambia baba goti, akalitupia kichwani kama zamani, shingo imenyooka, mkono mmoja tu umegusa, na akatembea mbele yangu mwendo ule ule wa pole pole ambao nimeuona kwa wagumu wote, mi nafuata nyuma. Kwenye Hiace ya Sanya Juu alimwelekeza konda lilale vipi. Akanipa elfu kumi. Nikamwambia shikamoo mara ya pili kwa kuchanganyikiwa, akaitikia tu marahaba, mama, nenda.

Ngarenairobi tulifika mchana tukapanga mahema, siku hiyo hatukuchora, mlima ulikuwa umejifunika. Kesho yake mwalimu akatuamsha saa kumi na moja kasoro. Baridi ya kule asubuhi inaingia mpaka kwenye meno, upepo unashuka kutoka juu hausimami, nyasi zote zina umande, na mbele yetu Kibo imetoka nzima, haina hata wingu, karibu kuliko nilivyowahi kuiona. Wenzangu walishaanza. Mi nimekaa kwenye kigoda, ubao mapajani, vidole vimekufa, nashindwa kufungua kifuniko cha tyubu, nakipuliza, nakiuma na meno, hakizunguki, na mwanga unabadilika huku nauona.

Nikavuta begi nitafute kitambaa. Juu kabisa, kwenye ile nafasi ya ngumi mbili, kulikuwa na mfuko mdogo ambao sikuuweka mimi. Ndani yake glovu za baba za mlimani, zile za sufu za kijivu alizokuwa hataki mtu aziguse. Ya kushoto imekatwa vidole vitatu, gumba na viwili vinavyofuata, imekatwa usawa wa kiungo, na kila ukingo umepindwa na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo imefuatana karibu karibu ili sufu isifumuke. Mama hashoni hivyo. Ya kulia ilikuwa nzima.

Nikazivaa zote mbili. Nikaanza na bluu, maana jua lilikuwa bado halijafika kwenye theluji.