Kitabu cha Texas katika nyumba ya Katuba

Krismasi iliyopita, shemeji yangu anayeishi Texas alitutumia kitabu cha picha kilichoandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, ilhali nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, hakuna anayesema hata moja kati ya lugha hizo. Sisi tuna Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha shule, na Kibemba cha kambo, yaani nyanya yetu, ambaye alizaliwa Kasenga. Nilidhani watoto wangetazama picha tu, lakini binti yangu wa miaka saba aliweka kidole juu ya neno moja la jalada, akalisoma kwa sauti kubwa: «familia».

Kitabu hicho ni Family Pictures / Cuadros de familia, cha mchoraji Carmen Lomas Garza, kilichotolewa San Francisco mwaka 1990. Mchoraji huyo alikulia Kingsville, kusini mwa Texas, katika familia yenye asili ya Meksiko, na kila mchoro ni kumbukumbu moja ya utoto wake, ikiwa na maelezo mafupi kwa lugha zote mbili.

Ajabu ni kwamba Kihispania ndicho kilichotufungulia mlango. Irabu zake tano husomwa karibu kama zetu, kwa hiyo mtoto aliyejifunza kusoma Kiswahili hutamka mistari mingi bila kujikwaa sana. «Mesa» ni meza yetu, ambayo Waswahili waliipata kwa Wareno, na mimi mwenye Kifaransa changu cha shule nilitambua «cocina» kuwa ni jiko. Kiingereza, ambacho huandikwa hivi na kutamkwa vile, tulimwachia shemeji atusomee kwa simu.

Katika mchoro mmoja familia nzima imekusanyika jikoni ikitengeneza «tamales», yaani unga wa mahindi uliokandwa, ukapakwa juu ya maganda ya mahindi yaliyolowekwa, ukatiwa nyama, ukafungwa na kupikwa kwa mvuke. Watoto walielewa mara moja, kwa kuwa hapa unga wa mahindi ndio bukari, yaani ugali, ya kila siku. Hata mchoro ambamo nyanya wa mchoraji anamuua kuku kwa ajili ya chakula cha jioni haukumshtua mtu. Kijana wangu aliuliza tu kwa nini anamnyonga shingo badala ya kutumia kisu.

Kazi hii ya kuwapa watoto hadithi kwa Kiingereza na Kihispania ina mizizi ya zamani, kwani Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeanza kazi katika maktaba ya New York mwaka 1921, aliwasimulia watoto hadithi kwa lugha hizo mbili, na tangu 1996 kuna tuzo yenye jina lake. Lakini vitabu vya watoto nilivyosoma mimi shuleni vilijaa theluji na mabomba ya moshi.

Ndiyo maana nimeanza kuandika cha kwetu, kwa Kiswahili na Kifaransa, kuhusu kambo anavyotengeneza kinywaji cha munkoyo: mizizi iliyotwangwa hutiwa katika uji wa mahindi uliopoa kidogo, na uji uliokuwa mzito hulegea mbele ya macho yako hadi unamiminika kama maji, kisha huachwa mpaka kesho uwe na uchachu. Jina la munkoyo nimeliacha lilivyo katika lugha zote mbili, kama walivyoziacha «tamales» zao. Shida ilikuwa Kiswahili. Kwa kutaka kuandika kile cha vitabuni, nilianza hivi: «Bibi alitwanga mizizi asubuhi na mapema.» Binti yangu alisoma, akakunja uso, kwa kuwa hapa Lubumbashi bibi ni mke wa mtu.

«Bibi ya nani?» akauliza.

Nikafuta, nikaandika kambo.