Tumbe mpaka Chake na tenga la samaki: siku mpira wa nyuma ulipoishiwa upepo

Saa 10:30 alfajiri. Mie ni mchuuzi wa samaki. Nanunua mnadani Tumbe, kaskazini ya Pemba, nauza Chake Chake. Chombo changu ni pikipiki ya cc 125, nyuma imefungwa kichanja cha chuma, juu ya kichanja tenga. Kabla sijaitoa uani napima upepo kwa geji. Wenzangu wengi hubonyeza kwa kidole gumba wakaridhika, lakini kidole gumba ni muongo, mpira wenye paundi 20 na wenye 30 vyote kwake ni vigumu. Pikipiki za namna hii zinataka kama 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba mtu. Tenga lililojaa vibua ni mtu, tena mtu mnene, kwa hiyo nyuma naweka 32.

Asubuhi hiyo geji ilisoma 32. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia mkasa huu aliniuliza kwanza, "Upepo ulikuwemo?" Ulikuwemo.

Saa 11:30. Nimesali, niko diko, wanapoteremsha samaki wavuvi. Ulikuwa usiku wa giza, hakuna mwezi, na giza ndilo la wavuvi wa taa, kwa hiyo vibua walikuwa wengi na bei ilianguka kabla dalali hajapata sauti vizuri. Nikachukua vibua tenga zima kasoro kidogo, na juu yake kolekole watatu na mtungo wa changu kwa wateja wangu wanaojua kuchagua. Nusu nililipa taslimu, nusu mali kauli: nikishauza, jioni namtumia dalali pesa yake. Hiyo mali kauli ikumbukeni, maana ndiyo iliyonifanya nikimbie.

Barafu nilinunua nyumba mbili za jirani na diko. Tangu umeme uvushwe kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, mwenye friji huku anauza barafu za mifuko, na sisi wachuuzi ndio tunaomlipia umeme wake.

Saa 1:15 asubuhi. Safari. Konde, kahawa kikombe kimoja nimesimama, kisha barabara kubwa ya kwenda Chake.

Saa 2 kasoro. Nimeshapita Mchanga Mdogo, Ole iko mbele. Mpira wa nyuma ukaisha.

Hakukuwa na mlio. Nilihisi pikipiki imekuwa nzito ghafla, mithili ya mtu aliyeishika kichanja kwa nyuma. Nikaongeza mafuta kidogo, ikawa nzito zaidi, halafu nyuma kukaanza kucheza, kushoto, kulia, kushoto. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na mara nyingi anayewaangusha ni mguu wao wa kulia. Mtu akishituka anakanyaga breki. Breki ya mguu inashika gurudumu la nyuma, na mpira usio na upepo ukishikwa breki unahama kwenye rimu, ukishahama huna tena unachokiendesha. Nyuma ikipasuka, unaachia mafuta polepole, unashika mikono imara bila kupigana nayo, unaiacha inyooke, na breki unatumia ya mbele, kwa kuigusa tu, mpaka mwendo upungue. Ikipasuka ya mbele ni kinyume chake, unaiacha ya mbele kabisa, unatumia ya mguu, taratibu. Na tenga likiwa nyuma usithubutu kukata kona ya ghafla kukimbilia pembeni. Nenda moja kwa moja, pembeni utafika tu.

Nikasimama kwenye majani, mbele ya nyumba yenye mwembe. Nikateremka. Mpira umekaa chini bapa, umebeba tenga.

Watu wengi hapo wangeanza kutafuta spana. Mie nilianza kufungua tenga. Pikipiki haiozi, samaki wanaoza. Na baina ya samaki kuna utaratibu pia: niliowaondoa mwanzo ni vibua, wa bei ndogo, siyo kolekole. Kibua, na jamaa zake kina jodari ni hivyo hivyo, akishikwa na joto masaa machache tu basi hata ukimkaanga vipi atakuwasha ulimi na uso utavimba. Kolekole mzima, hajapasuliwa, aliyezungukwa na barafu, anaweza kungoja.

Gari ya 602 ya Konde kwenda Chake ilipita baada ya dakika kumi hivi. Utingo akateremka kabla haijasimama.

"Shekhe, pancha?"

"Pancha. Nipakilie tenga hili juu, mdogo wangu atalipokea stendi."

"Maji yake yasimwagikie abiria."

"Barafu hiyo, kaka, siyo maji."

"Ikifika Chake itakuwa maji," akasema, lakini alilipokea. Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia asiwaweke mezani, awagawe kwa mafungu haraka kwa mama wanaokaanga. Mtu wa Chake anatafuta kitoweo chake kabla ya saa 5. Ukichelewa, mteja wako ni mkaangaji tu, na mkaangaji anajua kuwa umechelewa.

Saa 2:30. Nyumba ile ilikuwa ya bi mkubwa mmoja, na uwanja wote mbele ulikuwa umetandazwa majamvi ya karafuu. Nilibisha hodi, nikaamkia, nikaomba kivuli cha mwembe na beseni la maji.

"Marahaba, mwanangu. Kivuli kipo, maji yapo. Lakini hao samaki wako waweke kule nyuma. Na gurudumu lako usinipitishie juu ya jamvi."

Ana haki. Karafuu ikishika maji au uchafu inapoteza daraja, na ya kwanza na ya pili hazilipwi sawa. Kolekole na changu wakaenda nyuma ya nyumba chini ya gunia lililoroweshwa. Gunia bichi likipata upepo linapoza vizuri kuliko wengi wanavyodhani, ila ulikumbuke kulimwagia maji kila likianza kukauka. Mjukuu wake mmoja alijitolea kazi hiyo na aliifanya kwa bidii, mpaka samaki wakaogelea upya.

Sasa gurudumu. Stendi kubwa, jiwe chini ya injini ili nyuma inyanyuke. Unafungua nati ya fimbo ya breki, unalegeza cheni, unafungua nati ya ekseli, unaivuta ekseli, unaukamata mnyororo kabla haujaanguka mchangani. Mpira unaukanyaga kwa visigino ubanduke kwenye rimu, kisha vyuma viwili, kimoja kinashikilia, kimoja kinatembea. Sehemu hii naipita haraka kwa sababu kila mwenye pikipiki Pemba ashaiona, na asiyewahi kuiona haitamsaidia kuisoma.

Kinachostahili kusomwa ni tyubu yenyewe. Kabla hujaitia kiraka, iulize ilikufa na nini. Tundu likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, ni msumari au mwiba, na huo mwiba bado umo ndani ya tairi, upapase kwa kitambaa, siyo kwa vidole vitupu. Yakiwa matundu mawili pacha, yamekaa sambamba, tyubu ilibanwa baina ya rimu na shimo la barabarani, maana yake upepo ulikuwa mdogo. Ikichanika kwenye mzizi wa valvu, tairi lilikuwa linateleza kwenye rimu na kuivuta, upepo mdogo tena, na hiyo haizibiki, unanunua nyingine. Na likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, basi aliyekutoboa ni rimu yako mwenyewe.

Langu lilikuwa la ndani. Nikaichovya tyubu katika beseni, mapovu yakatoka kwenye mpasuko wa urefu wa ukucha, na mpasuko umeanzia kwenye kitundu kidogo cha mviringo. Nikapitisha kitambaa ndani ya rimu, kikanasa. Ncha ya spoki ilikuwa imechomoza kupita nati yake, kali, na ule utepe wa mpira unaozunguka rimu kuifunika haukuwemo kabisa.

Wiki chache nyuma fundi mmoja, simtaji, alinibadilishia spoki za nyuma. Aliweka ndefu, hakuzikata, hakuzipiga tupa, na utepe sijui aliupeleka wapi. Tyubu ikawa inasuguana na ncha hiyo kila mzunguko, na tenga likiikandamiza.

Wakati huo walishasimama vijana wawili na mzee mmoja na baiskeli, na kila mmoja ana dawa yake. Mzee alishauri nijaze makumbi ya nazi ndani ya tairi badala ya tyubu, niende hivyo hivyo. Halijakosewa hilo, watu wamelifanya sana kwenye njia za mashamba, makumbi au majani makavu ukiyashindilia sawasawa yanakufikisha, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lakini bila mzigo. Ukiwa na mzigo yanageuka unga na tairi linapata moto.

"Ahsante, ami," nikamwambia, "ikishindikana hii nitayafuata makumbi."

Tupa sikuwa nayo. Bi mkubwa akatoa kinoo cha kunolea visu, nikaisugua ile ncha mpaka kidole kikapita bila kukwama, na nyengine mbili jirani zake zilizoanza kuchomoza. Kijana mmoja alikuwa na kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Tukakikata mkanda mwembamba, tukauzungusha ndani ya rimu, ukawa utepe.

Kisha kiraka, na hapa ndipo haraka inapoharibu. Unasugua kwa msasa mpaka ule weusi unaong'aa upotee, unapaka gundi nyembamba, pana kuliko kiraka, halafu unangoja. Wengi wanabandika gundi ikiwa mbichi. Gundi mbichi inateleza, kiraka kinashika leo na kesho kinabanduka kwa joto la lami. Ngoja mpaka ukiigusa pembeni isiufuate ukucha. Vijana walinitazama nimekaa kimya juu ya ndoo, nimeishika tyubu, simu inaita, mdogo wangu anauliza kolekole wako wapi, na mie nangoja gundi.

Kabla ya kuirudisha niliomba poda. Bi mkubwa alicheka, akaleta ya mtoto. Tyubu ikipakwa poda haigandi kwenye tairi wala haijikunji wakati wa kuingizwa. Nikatia upepo kidogo iwe na umbo, nikaingiza, nikamalizia kwa visigino badala ya chuma ili nisiibane mwenyewe, nikapiga pampu ya mkono mpaka mabega yakakataa. Geji ikasoma 28. Kwa changu na kolekole watatu tu nyuma, inatosha.

Nikamwachia bi mkubwa changu wanne. Alikataa mara mbili, ya tatu akampa mjukuu awapokee.

Saa 5:20. Chake. Vibua wamekwisha, kwa bei ya wakaangaji kama nilivyotabiri. Kolekole mmoja alinunuliwa na mwenye hoteli ndogo ambaye hajali saa, wawili nikawakata vipande. Faida ya siku ilikuwa imeliwa, mtaji ulirudi. Adhuhuri tukasali, tukala wali na mchuzi wa changu aliyepondeka.

Saa 8 mchana. Machomane, hapo hapo Chake, kwa fundi mwengine. Nilimtaka afungue gurudumu lote upya. Alikuta spoki nyengine tano ndefu, akazikata na kuzipiga tupa, akatia utepe mpya. Alipolipapasa tairi kwa ndani akanionyesha nyuzi zimeanza kuonekana ubavuni, mahali lilipokandamizwa na rimu zile mita chache kabla sijasimama. Ubavu ukishafika hapo hauna kiraka.

Duka la jirani lilikuwa na tairi mbili za saizi yangu, 3.00-17, moja imening'inizwa nje juani kuwavutia watu, moja ndani. Niliomba ya ndani nikazitafuta tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka iliyotengenezwa. Ile ya nje ilikuwa mpya kwa jina tu, ina mipasuko midogo midogo kama nywele. Muuzaji alisema ni vumbi.

Nilimpigia na yule fundi wa mwanzo. Akasema spoki nilileta mwenyewe. Nikamwambia ni kweli, spoki nilileta, lakini utepe nilikuja nao umo ndani ya rimu. Akasema atanipigia.

Saa 11 jioni. Nikamrushia dalali pesa yake kwa simu. Tyubu yenye kiraka nikaikunja, nikaifunga uzi, ikaingia chini ya kiti pamoja na pampu. Tairi kuukuu mtoto wa fundi alilitaka la kuchezea, nikamwambia baba yake kama ni hivyo apunguze elfu moja. Akapunguza mia tano.