Siku moja ya mwalimu wa Kiingereza, Mwanza

Saa 11 alfajiri. Chai na viazi vitamu, kisha madaftari ya kidato cha pili yaliyobaki jana. Mmoja ameandika: "When the ferry arrived at Kamanga." Akaweka nukta, akahamia jambo lingine. Nakuta madaftari mengine kadhaa yenye kosa hilohilo, basi naahirisha somo nililopanga.

Saa 1. Daladala hadi shuleni, usafi, mstarini.

Saa 2:40. Vipindi viwili mfululizo. Naandika ubaoni kwa Kiswahili: "Kivuko kilipofika Kamanga." Nawauliza kama wametosheka.

"Bado, madam! Ikawaje?"

Hicho ndicho kishazi tegemezi: kina kiima na kitenzi, lakini msikilizaji anabaki anangoja. Wanafunzi wangu wanakijua tangu utotoni. Kinachowachanganya ni mahali alama yake inapokaa. Kiswahili mara nyingi huipachika ndani ya kitenzi, kama -po-, -ki- au -nge-. Kiingereza huiweka nje, mwanzoni mwa kishazi: "when", "if", "because". Ukiweka neno hilo, una deni la kishazi huru, yaani kinachojitosheleza. Wanalipa: "When the ferry arrived at Kamanga, the traders ran to the buses." Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato unafuata, kikija nyuma, kwa kawaida hauhitajiki.

Tunapanda ngazi kwa dagaa wa Kirumba. Sentensi sahili: "The women dry dagaa." Ambatano: "The women dry dagaa, and the traders buy it." Changamano: "The women dry dagaa while the sun is hot." Hapo mvulana wa nyuma anatoa yake: "Although it rained, but we went." Kiswahili huvumilia "ingawa" na "lakini" pamoja. Kiingereza sanifu hakivumilii, kwa kuwa "but" huunganisha vishazi vyenye hadhi sawa, ilhali "although" hukifanya kimoja kuwa tegemezi. Chagua moja.

Saa 4:30. Chai ya walimu. Mwenzangu anasema kutumia Kiswahili kwenye somo la Kiingereza ni kuwadekeza. Nakataa kabisa. Wengi wao wamesoma msingi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza karibu kila somo likageuka. Sarufi wanayo tayari kichwani. Kuifungia nje ya darasa ni hasara.

Saa 6. Kidato cha tatu, kosa moja tu: "The fish which I bought it was big." "Samaki niliyemnunua" hudai -m- kwenye kitenzi, hivyo wanatafuta pa kuiweka. Kwa Kiingereza "which" imeshashika nafasi ya yambwa, yaani kinachotendwa. Futa "it".

Saa 12 jioni. Binti wa jirani, msimamizi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, anabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba uniangalizie tangazo."

"Marahaba. Lete."

Ameandika: "The workers, who came late, will not be paid." Namwambia mikato hiyo inaifanya "who came late" kuwa maelezo ya pembeni tu, hivyo amewanyima ujira wafanyakazi wote. Anashtuka, anaifuta yote miwili. Sasa ni waliochelewa peke yao. Kisha anauliza kama "who" nayo inaweza kuondoka. Hapana, kwa sababu ndiyo kiima cha "came". Kwenye samaki wa mchana "which" ingeweza kuondoka, maana kiima pale ni "I": "The fish I bought was big."

Kesho kidato cha tatu wanaanza na swali lake.