Python iliyovaa kanzu

"Dada, hii ni Python iliyovaa kanzu ya Rust."

Neno hilo alilisema Jumanne, mbele ya wenzetu wote kwenye simu ya video, yule kijana wa Mombasa ambaye fanksheni yake ya kwanza, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, nilimwandikisha mimi. Python na Rust ni lugha za kuandikia programu za kompyuta; maana yake ni kwamba naandika Rust kwa mazoea ya Python. Nikajibu, "Sawa, nitarekebisha." Tangu hapo nalirudia nikikuna nazi, nikikwepa punda wa Langoni hapa Lamu, nikitawadha. Hakusema kwa dharau. Angesema kwa dharau ningeshasahau.

Harusi ya binti wa mjomba imepita, mama amefunguliwa bandeji ya jicho na anaona, alhamdulillahi. Mimi niko Jumanne ile ile.

Miaka 9 Python haijanitesa hivi. Orodha ya abiria wa boti za Mokowe naipa fanksheni iichapishe, kisha naiuliza ina watu wangapi, inanijibu. Rust inakataa kwa maandishi mekundu, kosa nambari E0382. Kitu kina mwenyewe mmoja, na ukishakitoa si chako tena. Wataka kukitumia baadaye, kiazimishe, tia alama ya &. Nikaitia. Likaja kosa jingine, E0502: orodha iliyoazimwa isomwe haibadilishwi mpaka msomaji amalize. Na mimi nilikuwa naipitia huku nikifuta walioghairi safari. Nikafunga laptopu, nikatoka barazani.

Hapo barazani nikakumbuka Machi. Ile wiki programu yangu ya Python ilipokuwa ikiwabakisha abiria walioghairi kwenye orodha, nami nikikesha siku mbili nisione sababu. Sababu ilikuwa hii hii! Ukifuta mtu kwenye orodha ya Python huku unaipitia, walio nyuma yake wanasogea nafasi moja, na anayefuata anarukwa. Python haisemi kitu. Rust imenikatalia kabla programu haijaanza hata kwenda. Nikarudi ndani, nikaandika retain, amri ya kubakisha wanaotakiwa tu, mstari mmoja, na kompaila, ile inayokagua programu kabla haijaenda, ikakubali. Nikamwita mama aone. Akasogeza uso kwenye skrini, akauliza, "Ile nyekundu imekwenda wapi?"

Nimemwandikia kijana kwamba alisema kweli. Nimemwandikia pia kwamba mara nyingine aniambie sisi wawili tu.

Kaka alikwenda kisiwani Kiwayu Alhamisi, na kusi imechacha tangu jana. Nimempigia mara tatu baada ya isha. Hapatikani.