Zinazojirudia wiki hii, na habari ya upande B

Orodha ya nyimbo ninazozirudia wiki hii ni fupi na karibu yote ni dansi. "Sina Makosa" ya Les Wanyika ndiyo imekaa juu. Inafuata Mlimani Park ya miaka ya mwanzo, kisha Mbaraka Mwinshehe akiwa na Super Volcano, Remmy Ongala kidogo, na usiku ukiingia taarabu ya Tanga na Unguja. Kipya hakuna. Ila nyimbo hizi zina jambo moja linalonirudisha kwazo kila mara: zimefika kwetu kwa njia nyingi, santuri, kanda za redio, kaseti za kudurufu, mafaili ya simu, na kila njia imekula kitu. Mtu anaweza kuupenda wimbo miaka ishirini na asiwe ameusikia wote.

Tuanze na Les Wanyika. Walijitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi mwishoni mwa 1978. Gitaa la solo anapiga John Ngereza, la rithim Omar Shabani, la besi Tom Malanga. Wengi hufuata solo kwa sababu ndiyo inayong'aa, lakini mwenye nyumba humu ni Malanga. Besi yake haijazi kila pengo. Anaweka noti chache, ananyamaza, anarudi pale usipomtarajia, na ule ukimya ndio unaoipa rithim mahali pa kupita. Sasa tatizo: waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa mtupu unatetema kwa hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu huanza kuishiwa nguvu ikiwa bado kwenye hezi mia kadhaa. Kinachokufikia ni kivuli cha besi, zile sauti za juu juu zinazoambatana nayo. Wimbo unageuka magitaa mawili na waimbaji, na unajiuliza watu waliupendea nini. Hedifoni ya waya ya bei ndogo inatosha kuurudisha. Hata redio ya zamani yenye spika pana kama sahani ya chai inaishinda simu ya bei mbaya.

Njia inayofaa kuujua wimbo wa namna hii ni kuurudia mara nne mfululizo, kila mara ukifuata chombo kimoja. Kwanza drams, hasa sahani inayohesabu mapigo. Pili besi, na hapo hesabu ukimya badala ya noti. Tatu rithim: Omar anashikilia kifungu kimoja kwa muda mrefu, na anayesikiliza juu juu atasema hafanyi kitu, mpaka ajaribu mwenyewe kukishika dakika tano bila mkono kukaza. Solo iwe ya mwisho. Ukianza nayo hutatoka kwake.

Halafu soma vizuri jina la bendi kabla ya kubonyeza. Simba Wanyika ni ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Les Wanyika ni hao waliojitenga. Super Wanyika ni ya Issa Juma, yule wa "Sigalame". Programu za muziki huwachanganya wote katika chungu kimoja, na picha ya albamu ya huyu utaikuta juu ya nyimbo za yule. Msondo nao wana yao. Bendi ilianza 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na mwishowe Msondo Ngoma, jina likibadilika kila chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadilika. Anayetafuta "Msondo Ngoma" peke yake anaipata bendi ya uzeeni na kuikosa ya ujana. Andika majina yote manne.

Sasa upande B. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya maneno: beti, kibwagizo, visa vya ndoa na fitina za majirani, mwendo wa kutembea. Nusu ya pili ni chemko. Mwendo unakaza, maneno yanapungua, waimbaji wanarudia kifungu kimoja, magitaa yanasukana na tarumbeta zinaingia. Ukumbini watu huinuka hapo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika inabeba dakika nne hadi tano hivi kila upande, kwa hiyo Nairobi wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: maneno upande A, chemko upande B. Miaka ikapita, watu wakaja kukusanya santuri na kuziingiza kwenye kompyuta, na wengi wao walichukua upande A tu.

Kuitambua nakala ya namna hiyo si kazi. Tazama urefu. Ukiona dakika nne na ushee, na mwisho sauti inafifia waimbaji wakiwa bado katikati ya sentensi, umepewa nusu. Tafuta nyingine iliyoandikwa sehemu ya pili, au nakala ndefu.

Ukipata vipande viwili vilivyotengana, unaweza kuviunga kwa Audacity, ambayo haina malipo. Kata mwisho wa A pale sauti inapoanza kushuka, si pale inapoisha. Sikiliza mwanzo wa B na utafute pigo la kwanza la mzunguko wa besi. Kuza picha ya sauti mpaka uone pigo la drams limesimama kama mlingoti, kisha uligandishe pigo hilo mahali ambapo pigo linalofuata la A lingeangukia. Kosa la kawaida ni kuunga kwa kufuata sauti ya mwimbaji. Mwimbaji huchelewa na kuwahi apendavyo, drams haziwezi. Na kama fundi mitambo wa siku ile alisimamisha kanda kabisa kati ya pande mbili, usilazimishe. Acha ukimya wa nusu sekunde. Enzi za santuri watu walivumilia zaidi ya hapo, maana mtu alilazimika kuinuka kuigeuza.

Asiyetaka kuunga, azime tu ile sehemu ya programu inayopandisha wimbo unaofuata juu ya unaoishia. Ikiwa imewekwa sekunde kumi, inakula mwisho wa kila chemko na utangulizi wa kila gitaa. Kwa dansi iwe sifuri.

Tatizo hilo la nyimbo zilizokatwa nusu ndiyo sababu Mlimani Park, au Sikinde kama wengi wanavyoiita, imo kwenye orodha. Bendi ilianzishwa Dar es Salaam 1978, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi za huku ziliingia studio ya Radio Tanzania, zikarekodiwa kwenye kanda kwa ajili ya kurushwa hewani, na kanda haina upande wa dakika nne. Kwa hiyo chemko la Sikinde limebaki zima, limeshikamana na maneno kama lilivyopigwa. Sikiliza "Neema" ya Cosmas Chidumule kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Michael Enoch, aliyepanga vyombo, hakuacha tarumbeta na saksofoni zipulize hovyo. Zinajibu. Mwimbaji akimaliza mstari zinaingia, gitaa likitaka kusema zinaondoka. Anayetaka mlango wa kuingilia enzi hiyo achukue mkusanyiko wa Buda Musique wa Ufaransa, "Zanzibara 5", unaohusu Dar ya 1978 hadi 1983. Umetolewa kwenye kanda zenyewe, na tofauti yake na nakala za mitaani ni kubwa mno.

Nakala za mitaani zina ugonjwa wa kasi. Kaseti hutakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki iliyodurufu ikiwa na mkanda wa raba uliolegea, inarekodi polepole, na kaseti hiyo ikichezwa kwenye deki nzima inakwenda mbio: sauti inapanda, mwimbaji Bitchuka anakuwa kijana wa miaka kumi na minne, chemko linakuwa la sarakasi. Deki ya kuchezea ikiwa ndiyo mbovu, mambo yanageuka, waimbaji wanakuwa wazito kama waliokula ugali wa jana. Tofauti ya asilimia 3 ni karibu robo-toni, ya asilimia 6 ni nusu-toni nzima, hatua ya kibonye kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Robo-toni watu wengi hawaitambui kwa sikio. Wanasema tu wimbo "umekaa vibaya".

Kipimo ni programu ya kufungia nyuzi za gitaa (tuner), ile ya bure ya kwenye simu. Iweke karibu na spika wakati gitaa linapiga peke yake na uangalie sindano. Wimbo mmoja ukikaa juu ya noti kwa senti 40 (senti 100 ni nusu-toni moja), usiharakishe kuilaumu mashine, kwa kuwa bendi zilifunga nyuzi kwa kufuatana, wakati mwingine kwa kufuata tarumbeta iliyokwisha kupata joto. Pima nyimbo tano za upande huo huo wa kaseti. Zikiwa za bendi tofauti na zote zimepotoka kwa kiasi kilekile, mashine ndiyo mkosaji. Zikiwa kila moja na lake, ziache, ndivyo walivyopiga. Katika kurekebisha, badilisha kasi yenyewe, ili mwendo na sauti vishuke pamoja. Wanaobadilisha sauti peke yake hurudisha noti mahali pake na kuacha mwendo ukikimbia, kisha wanashangaa kwa nini bado haukai.

Kama kaseti unayo mkononi na sauti imeziba kama iko ndani ya blanketi, usikimbilie kuongeza sauti nyembamba (treble). Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, ikauke. Kisha tafuta skrubu ndogo pembeni mwa kichwa, yenye springi chini yake, na uizungushe kwa bisibisi taratibu sana, robo ya mzunguko au chini, huku kanda inacheza. Kuna mahali sahani za drams zinafunguka ghafla. Simama hapo. Ukipita, zinafunga tena. Kila kaseti iliyorekodiwa kwenye deki nyingine ina mahali pake, kwa hiyo weka alama ya kalamu mahali skrubu ilipokuwa kabla hujaigusa.

Mbaraka Mwinshehe hana shida hizo nyingi, kwa sababu baada ya kifo chake kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, kampuni ya santuri ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake kwenye mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa "Ukumbusho". Santuri kubwa ina dakika ishirini hivi kila upande, kwa hiyo nafasi ipo. Wiki hii ni "Shida" tu, asubuhi na jioni. Alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na hilo linasikika: gitaa halimsindikizi, linamalizia alichoacha kusema. Anayemwiga hujaza. Yeye alijua kuacha.

Kwa Remmy Ongala na bendi yake Super Matimila nina albamu moja tu kwenye mzunguko, "Songs for the Poor Man" ya 1989, iliyorekodiwa Uingereza kwa kampuni ya Real World. Wapo wanaosema imesafishwa kupita kiasi, na kweli jasho la ukumbi halimo. Lakini kwa anayetaka kujifunza namna magitaa yanavyosukana, sijui darasa bora kuliko hilo, kwa kuwa kila gitaa limepewa mahali pake kati ya sikio la kushoto na la kulia. Ndiyo maana usigawane hedifoni na mtu. Kila mmoja akichukua upande wake, mmoja anabaki na gitaa ambalo mwenzake halisikii, na wote wawili mtabishana kuhusu "Kipenda Roho" bila kujua kwamba mmesikiliza nyimbo mbili.

Usiku ni "Nyota", mkusanyiko wa 1989 wa Black Star na Lucky Star za Tanga. Hapa taarabu imevaa gitaa la umeme, besi na kinanda, kundi dogo lililobana, na ndiyo maana mpenzi wa dansi huingia bila kubisha hodi. Sikiliza besi inavyozunguka chini ya sauti ya Shakila, utadhani ameazimwa mpigaji kutoka bendi ya jirani.

Na nikitaka kinyume chake kabisa, "Bashraf" ya Culture Musical Club ya Unguja, ya mwaka 2000. Haina mwimbaji hata mmoja, ni vyombo tu: fidla, udi, akodiani, na ganuni, chombo cha nyuzi nyingi zinazokwanyuliwa. Albamu hii pia naitumia kupima faili. Ganuni ikikwanyuliwa, kila noti ina ncha kali mwanzoni kisha inakonda taratibu mpaka inayeyuka. Kwenye faili lililobanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde, ncha inabutuka na mkia wa noti unatoa mchirizo kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Ukisikia mchirizo huo, usiilaumu hedifoni wala masikio. Futa, tafuta la kilobiti 256 au zaidi, urudi kwenye wimbo wa kwanza.