Tulikula na Kunywa Vizuri Bila Kushiba Nyumbani Kwanza

Karibu kila niliyemwambia naenda baa ya kokteli, ya zile zinazouza vyakula vya visahani, alinipa ushauri uleule: shiba nyumbani kwanza, vile vyakula ni vya kupigia picha. Ushauri huo uliniudhi, na sasa naupinga waziwazi. Ukienda umeshiba umejinyima nusu ya starehe. Tena pombe ikikuta tumbo lina chakula huingia kwenye damu polepole, kwa hiyo kula hapohapo huku unakunywa kuna faida zake.

Nilimpeleka mdogo wangu kusherehekea kupandishwa cheo. Sofa za mahameli zilikuwepo, lakini nilisisitiza tukae kaunta, maana huko ndiko unakoona ufundi. Niliagiza Negroni: jini, Campari (pombe nyekundu chungu ya Italia) na vermouth nyekundu (divai iliyotiwa viungo), mililita 30 kila kimoja. Mchanganyaji alikoroga taratibu kwa kijiko kirefu, barafu ikizunguka bila kelele, kisha akamimina juu ya bonge moja kubwa la barafu. Bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vingi, hivyo kinywaji hakigeuki maji mapema. Mwisho akaminya ganda la chungwa juu ya glasi, na mafuta yake nikayaona kabisa yakiruka kwenye mwanga wa taa. Daiquiri ya mdogo wangu, yenye ramu, ndimu na sukari, mchanganyaji aliitikisa kwa nguvu zote hadi chombo kikafunikwa na umande wa baridi. Penye maji ya matunda hutikiswa. Pombe tupu hukorogwa.

Sasa kwenye chakula ndipo ninapojivunia. Mhudumu alitaka oda yote kwa mpigo. Nikamwambia, "Kaka, tuletee viwili kwanza, tukimaliza tutakuita." Visahani hivi hutoka jikoni kila kinapokuwa tayari. Ukiagiza sita pamoja, meza inajaa na cha moto kinapoa unakitazama. Jirani zetu yaliwakuta hayohayo, uduvi wao wa kukaanga ukalala pembeni mpaka ukalegea.

Sisi tulianza na zeituni na jibini. Mdogo wangu alionja Negroni yangu akakunja uso. Nikamwambia ale zeituni mbili halafu aonje tena. Chumvi hupunguza uchungu mdomoni. Alikunywa funda la pili, akanyamaza kidogo, akaivuta glasi upande wake, nami nikalazimika kuagiza nyingine! Uduvi tuliuchukua baadaye, ukiwa wa moto, pamoja na Daiquiri, kwa sababu ndimu hukata mafuta.

Kama menyu inakuchanganya, achana na majina. Mwambie mchanganyaji unapenda uchachu, uchungu au utamu, naye atajua la kufanya. Maji omba tangu mwanzo.

Bili ilikuja chini ya nilichotenga, hata baada ya kutoa kitu cha mhudumu, na hakuna aliyelala njaa. Tukaita teksi. Viti vya kaunta huwahiwa, kwa hiyo fika mapema.